Tui linapokatika: namna ya kutenganisha na kupima mafuta na protini za nazi

Tui la nazi ni maji, mafuta na protini vilivyokubali kukaa pamoja kwa masharti. Masharti yakivunjika, tui hukatika. Jikoni hiyo ni hasara, lakini kwa anayetaka mafuta safi, au mwalimu wa skuli anayetaka kuwaonesha wanafunzi lipidi na protini bila kuagiza dawa za maabara kutoka mbali, ndiyo kazi yenyewe. Mwongozo huu unafuata nazi kutoka kwenye mbuzi hadi kwenye chupa ya mafuta, neli ya majaribio na kipande cha sabuni. Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: anayeyashikilia mafuta ndani ya tui ni protini. Ukitaka mafuta, shughulika na protini kwanza.

Kilichomo ndani ya nazi

Gramu 100 za nyama ya nazi mbichi iliyokomaa zina takriban gramu 33 za mafuta, gramu 3 na kidogo za protini na karibu gramu 47 za maji. Kilichobaki ni nyuzinyuzi, sukari na madini.

Mafuta hayo ni trigliseridi. Kila molekuli ina uti wa gliseroli wenye kaboni 3, na kila kaboni imeshikwa na asidi moja ya mafuta kwa kifungo cha esta. Kila kifungo kinapofungwa, molekuli moja ya maji hutoka. Kikifunguliwa, maji hurudi. Asidi iliyotawala kwenye nazi ni ya lauriki, yenye kaboni 12, ambayo ni karibu nusu ya asidi zote. Kwa jumla asilimia 90 hivi ya asidi za mafuta ya nazi hazina kifungo maradufu kati ya kaboni zake. Minyororo isiyo na kifungo maradufu hunyooka na kupangana vizuri, na ndiyo sababu mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi joto 24 hivi. Mafuta ya alizeti yana vifungo maradufu vingi, minyororo yake imepinda, haipangiki, na hubaki majimaji hata kwenye friji.

Protini zimejengwa kwa asidi amino za aina 20. Kila moja ina kundi la amino, kundi la kaboksili na mnyororo wa pembeni unaoitofautisha na nyenzake. Kundi la kaboksili la moja huungana na kundi la amino la jirani, maji yakatoka, na hapo umepata kifungo cha peptidi. Mnyororo mrefu wa vifungo hivyo hujikunja: sehemu zinazokimbia maji hujificha ndani, zinazopenda maji hubaki nje. Kwenye nazi protini kubwa ni globulini na albumini.

Ndani ya chembe hai za nazi, mafuta yamehifadhiwa katika vitone vidogo sana, kila kitone kimevaa utando mmoja wa fosfolipidi uliochomekwa protini. Fosfolipidi ina kichwa chenye fosfeti kinachopenda maji na mikia miwili ya asidi za mafuta inayoyakimbia, kwa hiyo hukaa mpakani. Ukikuna na kukamua, vitone hutoka pamoja na utando wake, na protini nyengine zilizomo kwenye maji hujipachika juu yake. Weupe wa tui ni mwanga unaotawanywa na vitone hivyo. Hakuna rangi nyeupe ndani yake.

Kuchagua nazi

Kidaka na kitale havina la maana kwa kazi hii, na dafu lina nyama laini yenye maji mengi na mafuta machache. Koroma lina mafuta, lakini bado si ya kutosha. Chukua nazi iliyokomaa kabisa, iliyokauka kumbi, ambayo ukiitikisa maji yanagonga ndani.

Ukipasua ukakuta joya, iweke pembeni. Sponji ile tamu ni ya mche unaotaka kuota: inatoa vimeng'enya vinavyoyakata mafuta ya nazi, na mmea unayageuza kuwa sukari ya kujilisha mpaka majani yaweze kujitegemea. Ni chakula kizuri cha watoto, lakini nyama ya nazi hiyo imeshaanza kupungua mafuta, na sehemu ya yaliyobaki imeshakatwa kuwa asidi huru.

Onja kila nazi kabla ya kuichanganya na nyengine. Ukisikia ladha ya sabuni kwenye ulimi, hiyo ni asidi ya lauriki iliyokwishajitenga na gliseroli, na haitarudi. Nazi mbovu harabu ya nzima, na hapa si methali tu: vimeng'enya na ukungu wa nazi moja vitafanya kazi kwenye tui lote.

Kukamua

Kwa kilo moja ya nazi iliyokunwa, yaani nazi 3 au 4, tayarisha lita moja ya maji ya nyuzi 40 hadi 50. Kama huna kipimajoto, ni maji yenye joto ambayo mkono unaweza kukaa ndani yake bila kuungua. Unapoikuna nazi, chukua nyama nyeupe tu. Mbuzi ikifika kwenye ngozi ya kahawia karibu na kifuu, acha.

1. Mimina nusu lita ya maji juu ya nazi, ifikiche kwa mkono dakika 5 mpaka maji yawe mazito.
2. Kamua kwa kifumbu au kitambaa safi cha pamba. Hili ndilo kasimile.
3. Rudisha machicha kwenye bakuli, mimina nusu lita iliyobaki, fikicha tena dakika 5, kamua.
4. Kwa kutenganisha mafuta, changanya matui yote mawili. Kwa mapishi, yaache mbalimbali.

Kosa la kawaida ni kumimina maji yanayochemka kwa tamaa ya kutoa mafuta mengi. Joto kali hugandisha protini ndani ya nazi iliyokunwa kabla vitone havijatoka, na mafuta hubaki kwenye machicha. Kosa la pili ni maji mengi mno: lita 3 kwa kilo moja zitakupa tui jepesi ambalo litachukua muda mrefu kupanda na kuni nyingi kukausha.

Mimina tui kwenye chombo kinachoonesha kilichomo ndani, kwa mfano chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa shingo, ulifunike na uliache saa 2 hadi 4. Vitone vya mafuta ni vyepesi kuliko maji, hivyo hupanda. Juu utapata malai mazito, chini maji ya kijivujivu. Toboa tundu dogo karibu na kitako, yaachie maji yatoke, na uweke nusu kikombe chake kwa ajili ya vipimo. Mafuta bado hujayapata: hayo malai ni vitone vilevile, vimesongamana tu.

Njia tatu za kuyavunja malai

*Moto.* Tia malai kwenye sufuria yenye kitako kizito, moto mdogo, koroga bila kuacha. Yakikaribia nyuzi 80 protini hufumuka: mikunjo inafunguka, sehemu zilizojificha zinatoka nje, protini zinashikana zenyewe kwa zenyewe na kuviacha vitone wazi. Utaona chembechembe nyeupe, kisha mafuta yakiogelea. Kuanzia hapo kazi ni kukausha maji. Maji yakiwemo, joto haliwezi kupanda sana kupita 100; yakiisha, joto hupanda haraka na protini iliyobaki huanza kuungana na sukari na kuwa kahawia. Sikiliza sufuria: mlio wa kuchemka ukififia na mashapo yakawa rangi ya dhahabu, ipua na uchuje hapohapo. Ukingoja yawe kahawia nyeusi, mafuta yatanuka kuungua na hakuna chujio litakalotoa harufu hiyo.

*Uchachu.* Funika malai kwa kitambaa, yaweke mahali pa nyuzi 28 hadi 35 kwa saa 24 hadi 36. Wakati wa kaskazi ukumbi wa nyumba unatosha. Wakati wa kusi yasogeze karibu na jiko. Bakteria wa asidi ya laktiki hula sukari ya nazi na kutoa asidi, pH (kipimo cha asidi: asidi ikizidi, namba hushuka) inashuka mpaka karibu 4. Hapo ndipo protini nyingi za nazi zinapopoteza chaji. Kabla ya hapo kila molekuli ilikuwa na chaji hasi na zilisukumana; sasa hazisukumani, zinashikana na kuganda. Utapata maji chini, ute mzito wa protini katikati na mafuta angavu juu, ingawa sehemu ya ute huweza kuelea pia. Teka mafuta kwa kijiko, usiyatingishe. Mafuta ya njia hii yana harufu nzuri kuliko ya moto, lakini yana maji ndani, kwa hiyo yapashe moto polepole kwenye bakuli lililo juu ya maji ya moto kwa nusu saa, kisha yachuje kwa pamba. Zikipita saa 48 harufu huwa ya siki na vimeng'enya huanza kuyakata mafuta yenyewe. Ukiona ukungu wa rangi, mwaga.

*Baridi.* Weka malai kwenye friji usiku kucha, kisha yatoe na yapashe taratibu mpaka nyuzi 35. Mafuta yanapoganda, fuwele zake hutoboa utando wa vitone. Yanapoyeyuka, vitone vilivyotobolewa huungana. Kwa mkono, bila mashine ya kuzungusha, njia hii hutoa kidogo. Inafaa zaidi kuwaonesha wanafunzi kwamba utando unaweza kuvunjwa bila joto kali wala asidi.

Kwa kilo moja ya nazi, gramu 330 za mafuta ndizo zilizomo, lakini mkono hauzitoi zote. Ukipata nusu yake umefanya vizuri. Ukipata chini ya gramu 100, tazama machicha: yakikaukia mkononi na kuacha mafuta kwenye vidole, tatizo ni ukamuaji.

Mafuta yakishachujwa, yapime maji kwa kupasha kijiko kimoja juu ya moto. Yakitatarika, bado yana maji. Rudisha sufuriani moto mdogo.

Kuhakikisha kwa vipimo

Usipime tui zima. Weupe wake unaficha kila rangi, na kipimo cha mafuta kinachotegemea maji kugeuka meupe hakina maana kwa kitu ambacho tayari ni cheupe. Pima sehemu ulizozitenga: mafuta, maji ya chini, na donge la protini.

Kwa mafuta, kipimo rahisi ni karatasi nyeupe. Dondosha tone la mafuta, tone la maji ya chini na tone la maji matupu, mbalimbali, andika majina, anika kivulini hadi maji yakauke. Inua karatasi kuelekea dirishani. Doa la mafuta linapitisha mwanga na halikauki. Maji ya chini mara nyingi huacha doa hafifu, maana mafuta hayatoki yote.

Ongeza tone la nne, mafuta ya karafuu. Litang'aa kama la mafuta ya nazi, lakini ukiliacha siku moja au mbili juani litafifia. Mafuta ya karafuu, kama yale yanayokamuliwa kwa mvuke kutoka kwenye makonyo huko Wawi, Pemba, si trigliseridi. Sehemu kubwa yake ni yujenoli, molekuli ndogo inayoruka hewani. Ndiyo maana hayafanyi sabuni hata ukiyatia kostiki soda, dawa kali ya kutengenezea sabuni, mchana kutwa.

Kipimo cha pili cha mafuta kinahitaji ethanoli ya asilimia 95. Spiriti ya dukani ya asilimia 70 ina maji mengi na haiyeyushi mafuta ya kutosha. Ponda kipande cha mbata kikavu, tia ndani ya mililita 4 za ethanoli, tikisa dakika 1, acha kitulie, kisha mimina ile sehemu angavu ndani ya maji ya kiasi hichohicho. Maji yakigeuka meupe, mafuta yamo. Neli na mikono iwe mikavu: tone moja la maji mapema huleta weupe kabla ya wakati wake. Ethanoli inashika moto, zima jiko.

Kwa protini, tumia kostiki soda na mrututu, yaani salfeti ya shaba. Gramu 10 za kostiki kwa mililita 100 za maji. Gramu 1 ya mrututu kwa mililita 100 nyengine. Maji ya visima vyetu vya mawe ya matumbawe yana chokaa na hutia ukungu, hivyo tumia maji ya mvua yaliyochujwa au maji ya betri yasiyo na asidi. Soma lebo ya chupa, kwa sababu asidi ya betri huuzwa kwenye duka hilohilo.

Tia mililita 2 za kitu unachopima kwenye neli, ongeza mililita 2 za kostiki, tikisa. Dondosha mrututu tone moja moja, ukitikisa kila mara, matone 3 hadi 5 tu. Ngoja dakika 5 bila kupasha moto. Rangi ya zambarau ni protini: ioni za shaba zimeshikwa na naitrojeni za vifungo vya peptidi vilivyofuatana. Asidi amino iliyo peke yake haitoi rangi hii, wala kipande chenye kifungo kimoja cha peptidi.

Weka daima neli mbili za kulinganisha. Moja iwe na maji matupu, itabaki buluu. Ya pili iwe na ute mweupe wa yai uliochanganywa na maji mara 10 yake, itatoa zambarau nzuri. Maji ya chini ya tui bichi yatatoa zambarau. Maji yaliyobaki baada ya uchachu, ukiyachuja, yatatoa rangi hafifu zaidi kwa kuwa protini nyingi imekwenda kwenye donge. Donge lenyewe chukua kiasi cha punje ya choroko, liponde ndani ya kostiki mpaka liyeyuke, ndipo utie mrututu. Mafuta safi yatakaa juu, na kimiminika cha chini kitabaki buluu. Kikigeuka zambarau, hukuchuja vizuri.

Linaloharibu kipimo hiki karibu kila darasa ni mrututu mwingi. Shaba iliyozidi hufanya mashapo ya buluu yanayofunika zambarau yote, na mwanafunzi anaandika kwamba yai halina protini. Kosa jengine ni dawa ya kostiki iliyokaa wazi wiki nyingi: imevuta hewa ukaa na kudhoofika. Mrututu ni sumu. Vyombo vilivyougusa visirudi jikoni.

Kuyageuza mafuta kuwa sabuni

Hapa vifungo vya esta hufunguliwa. Kostiki hukata kila trigliseridi ikatoka gliseroli moja na molekuli tatu za chumvi ya asidi ya mafuta, yaani sabuni. Kwa kuwa kila trigliseridi inataka molekuli 3 za kostiki, kipimo hutegemea ukubwa wa trigliseridi. Ile yenye asidi tatu za lauriki ina uzito wa molekuli 639; kostiki tatu ni 120. Gawa: 0.188. Mafuta ya nazi yenyewe, yenye mchanganyiko wa asidi, hutumia takriban gramu 0.183 za kostiki kwa kila gramu. Ya alizeti ni 0.134 hivi, kwa sababu molekuli zake ni kubwa na kwa hiyo ni chache zaidi katika kila gramu. Anayehamisha kipimo cha nazi kwenda kwenye alizeti hutengeneza sabuni inayochoma ngozi.

Kwa gramu 500 za mafuta ya nazi: 500 × 0.183 = gramu 91.5. Hicho ni kiwango cha kumaliza mafuta yote, usikifikie. Sabuni ya kufulia punguza asilimia 5, tumia gramu 87. Sabuni ya kuogea punguza asilimia 15, tumia gramu 78, kwani sabuni ya nazi tupu huondoa mafuta ya ngozi kwa nguvu na mafuta yaliyobaki huipoza. Maji, gramu 180. Pima kila kitu kwa mizani ya dijitali inayosoma gramu 1, mafuta pia kwa uzito. Kikombe hakifai.

Vaa glavu na miwani. Tia kostiki ndani ya maji, nje au dirishani, polepole. Kamwe usimimine maji juu ya kostiki, hurukia uso. Usitumie sufuria ya aluminiamu: kostiki huila na kutoa haidrojeni. Chuma cha pua au plastiki ngumu inayostahimili joto ni sawa. Ikikugusa, osha kwa maji mengi ya kutiririka robo saa. Usitie ndimu wala siki juu ya ngozi iliyoungua. Ikiingia jichoni, osha vivyo hivyo na uende hospitali bila kuchelewa.

Subiri maji ya kostiki yapoe hadi nyuzi 40, mafuta yawe joto hilohilo, kisha mimina kostiki kwenye mafuta na koroga mpaka mchanganyiko uwe mzito kiasi cha uji wa mgonjwa na uache alama kijiko kikipita. Mafuta ya karafuu, gramu 5 zinatosha, yatie mwisho kabisa, kwa kuwa yujenoli huharakisha kuganda na unaweza kubaki na donge ndani ya bakuli. Unga wa mwani mkavu, kama unautaka, saga laini sana. Vipande vikubwa hukwaruza. Mimina kwenye kalibu, funika.

Kata baada ya saa 6 hadi 12. Sabuni ya nazi hukauka haraka kuliko nyengine, na ukingoja siku mbili itavunjika kama chaki chini ya kisu. Ianike kwenye upepo, kivulini, wiki 4.

Ukiona unga mweupe mwembamba juu tu, ni kostiki iliyokutana na hewa ukaa, kwangua. Ukiona mashimo yenye maji yanayoteleza ndani, hukukoroga vya kutosha, na maji hayo ni kostiki, usiitumie. Madoa ya kahawia na harufu nzito baada ya wiki chache mara nyingi ni mabaki ya protini kwenye mafuta yasiyochujwa.

Sabuni ya nazi ina sifa moja inayoifaa pwani: hutoa povu kwenye maji ya chumvi, ambapo sabuni za mafuta mengine huganda. Chumvi ya asidi ya lauriki, kwa ufupi wa mnyororo wake, huyeyuka vizuri zaidi. Lakini maji ya chumvi si sawa na maji ya chokaa. Kalisi iliyomo kwenye maji ya kisima hushika sabuni yoyote, ya nazi ikiwemo, na kuacha utando wa kijivu kwenye ndoo. Kwa hilo dawa ni maji ya mvua.

Ukitaka tui lisikatike

Kemia ileile, kwa kugeuzwa. Mchuzi wenye ndimu, ukwaju, embe bichi au mbirimbi una pH ndogo. Ukiuchemsha pamoja na kasimile umeleta asidi na joto kwa wakati mmoja. Pika kwa tui jepesi kwanza, na kasimile liingie mwisho, moto mdogo, ukikoroga upande mmoja mpaka litokote kidogo tu. Mpangilio huo wa wapishi wa zamani ni sahihi kabisa, maana tui jepesi lina mafuta machache ya kupoteza. Muhogo au ndizi ndani ya sufuria husaidia pia: wanga hufanya maji kuwa mazito na vitone havikutani kwa urahisi. Ndimu ikamuliwe sahanini.

Kuhifadhi

Mafuta huharibika kwa njia mbili. Maji na vimeng'enya hufungua vifungo vya esta na kuleta ladha ya sabuni. Oksijeni hushambulia vifungo maradufu na kuleta harufu ya rangi ya ukuta. Nazi ina vifungo maradufu vichache, hivyo adui yake mkubwa ni maji. Dagaa ni kinyume: mafuta yake yana asidi zenye vifungo maradufu 5 na 6, ndiyo maana hugeuka manjano na kuchacha upesi wakikaa wazi juani. Kuwachemsha kwa maji ya chumvi kabla ya kuwaanika hugandisha vimeng'enya vyao, ambavyo navyo ni protini, lakini oksijeni haizuiliki kwa hilo.

Tia mafuta ya nazi kwenye chupa ya glasi iliyokauka kabisa, jaza mpaka shingoni, funga, weka gizani. Asubuhi za kusi, Julai na Agosti, yataonekana na ukungu au yataganda kabisa. Hayajaharibika, yatayeyuka jua likipanda. Kwa mafuta ya kununua, tumia tabia hiyo kuyapima: weka kidogo kwenye friji saa 3. Ya nazi tupu huwa magumu yote na meupe. Yakibaki na tabaka linalotiririka, yamechanganywa na mafuta ya alizeti au mengine ya majimaji. Na yakikataa kuyeyuka kwenye mchana wa nyuzi 30, kuna mafuta magumu ya aina nyengine ndani yake.